Masjala ikiendelea kutaja seva za zamani: kuisaka hitilafu kutoka dalili hadi chanzo

"Mwanangu, mgeni wa Ujerumani kaniandikia kwamba tovuti yetu haipo. Mimi naiona hapa kwenye simu yangu, nzima kabisa. Nani mkweli?"

Aliyeniuliza hivyo ni bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni Jambiani, na jawabu ni kwamba wote wawili walikuwa wakweli. Wiki tatu kabla ya simu ile tulimhamishia tovuti yake kwenye kampuni nyengine. Upande mpya kila kitu kilikaa sawa. Lakini kwenye masjala ya vikoa, yaani majina ya tovuti kama mfano.co.tz, pale zinapoandikwa seva za majina za kila kikoa, zile zinazojibu kiko wapi, tulibadilisha seva moja na ya pili ikabaki ya zamani. Kwa siku ishirini na moja za msimu wa Julai, baadhi ya wageni wake walikuwa wakibisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Mmoja aliandika. Waliobaki hatutawajua, kwa sababu mtu asiyeiona tovuti haulizi, anatafuta pengine pa kulala.

Tangu hapo nimeishughulikia hitilafu ya aina hii mara nyingi, Unguja na Pemba, kwa wauza viungo, skuli, wazamishaji wa Nungwi na ofisi za safari. Kila mara inakuja na sura tofauti, na kila mara mtu keshapoteza siku kadhaa akitafuta kosa pasipo na kosa. Kwa hiyo naandika kwa kufuata dalili, kama ninavyozisikia kwenye simu.

Kwanza, daftari la sheha

Wengi huidhani orodha ya seva za majina kuwa kitu kimoja. Imeandikwa mahali pawili. Moja ni ndani ya kikoa chenyewe, kwenye seva zako, na hiyo unaibadilisha kwenye paneli yako, ukurasa wa kuisimamia tovuti, dakika yoyote. Ya pili iko juu yako, kwenye masjala ya tz, na hiyo huigusi mwenyewe: unamwomba msajili wako, kampuni iliyokuandikishia kikoa, naye anaipeleka masjala.

Fikiri familia imehama Kikwajuni imekwenda Fuoni. Mgeni anayetoka mbali anaanza kwa sheha wa Kikwajuni, kiongozi wa mtaa, na sheha anafungua daftari. Kama daftari halikubadilishwa, atamwelekeza kwenye nyumba ile ile ya zamani. Familia inaweza kutundika bango kubwa Fuoni lenye majina yao yote, halitamsaidia mgeni ambaye hajafika Fuoni. Mfumo wa majina ya intaneti umejengwa kwa ngazi namna hiyo, na ndivyo ulivyoandikwa kwenye RFC 1034 na 1035, nyaraka za kanuni za intaneti za Novemba 1987. Anayekitafuta kikoa chako anaanza kwenye mzizi, unaohudumiwa na seva zenye majina 13 kuanzia a hadi m. Mzizi unamwelekeza kwa tz, tz wanamshusha hadi co.tz, or.tz, ac.tz au hotel.tz, na hapo ndipo anapotajiwa seva zako. Akitajiwa za zamani, kazi yote uliyoifanya chini ni bango la Fuoni.

Ndiyo maana swali la kwanza haliulizwi kivinjari wala paneli. Linaulizwa masjala, kwa dig, amri ya kuuliza seva za majina (NS ni rekodi inayozitaja):

dig +trace NS mfano.co.tz

Kama huna kompyuta karibu, programu ya Termux kwenye simu ya Android inatosha. Andika pkg install dnsutils na dig itakuwepo. Matokeo ya +trace yanatoka kwa mafungu, na chini ya kila fungu pameandikwa jawabu limetoka kwa seva gani. Fungu la kabla ya mwisho ndilo daftari la sheha. La mwisho ni bango lako mwenyewe. Yaweke kando kwa kando uyasome herufi kwa herufi, kwa sababu ns1 na ns2 zinafanana sana mtu akiwa amechoka. Yakitofautiana, umeshapata nusu ya jawabu.

Ukitaka kuuliza moja kwa moja, tafuta seva za ngazi ya juu kwa dig NS co.tz +short, chagua moja, kisha:

dig NS mfano.co.tz @seva-uliyochagua +norecurse

Hapa orodha itakuja chini ya AUTHORITY, si chini ya ANSWER. Usishtuke, ni desturi: seva ya juu haijibu kwa niaba yako, inaelekeza tu.

Kuna mtego mmoja ulionila siku nzima Stone Town. Baadhi ya mitandao ya hoteli na ofisi huyakamata maswali yote ya majina njiani na kuyajibu yenyewe, hata ukitaja seva unayoitaka. Unadhani unazungumza na masjala, kumbe unazungumza na kisanduku kilichopo ukutani. Angalia mstari wa flags. Seva za masjala hazimtafutii mtu majawabu, kwa hiyo alama ya ra haitakiwi kuwepo. Ukiiona, zima waifai hiyo, tumia data ya simu, uliza upya.

"Mimi naona mpya, mwenzangu anaona ya zamani"

Hii ndiyo ya bibi wa Jambiani, na ndiyo inayokuja mara nyingi kuliko zote. Masjala ina orodha ya mchanganyiko, mpya na kuukuu pamoja, na seva kuukuu bado iko hai inajibu kwa anwani za zamani. Seva za kutafutia majina, zile za kampuni za simu au za Google, huchagua moja katika orodha, mara nyingi ile inayojibu haraka, na huweka jawabu kwenye kumbukumbu. Matokeo yake ni kigeugeu: Ujerumani haipo, Dar es Salaam ipo, jioni mambo yanabadilika. Mtu asiyejua anaanza kulaumu mtandao wa simu.

Uliza kila seva iliyomo kwenye orodha ya masjala:

dig SOA mfano.co.tz @ns1.kampuni-ya-zamani +norecurse

Kwenye jawabu la SOA, rekodi ya utambulisho wa kikoa, mna namba ya toleo, ambayo mara nyingi huandikwa kwa tarehe. Seva zote za kikoa kimoja zinatakiwa kuwa na namba moja. Ukikuta moja ina namba ya mwaka jana, ndiyo hiyo. Dawa ni kumwandikia msajili orodha kamili ya seva zinazotakiwa kubaki, si kumwambia "ongeza hii". Ukisema ongeza, ataongeza, na ya zamani haitaondoka. Mimi sasa naandika hivi: "Orodha yote ya sasa ifutwe, iwekwe hii tu." Sentensi hiyo moja imeniokoa mara nyingi.

Kabla hujathibitisha kwamba wewe ndiye unayeona mpya, tazama faili la hosts kwenye kompyuta yako, ambalo kompyuta hulisoma kabla ya kuuliza seva yoyote. Mafundi tuna tabia ya kuandika anwani mpya humo wakati wa kujaribu, kisha tunasahau. Unaiona tovuti nzima kwa sababu ulijiandikia mwenyewe njia ya mkato, na dunia nzima iko gizani.

"Inafunguka, ila inasita kwanza"

Seva moja katika orodha ya masjala imekufa au haikitambui tena kikoa chako. Anayeangukia hiyo anangoja mpaka muda wa kungoja uishe, ndipo anajaribu nyengine. Ukiiuliza kwa dig, ama utakaa sekunde tano tano bila jawabu, ama utapata REFUSED, maana yake seva ipo lakini inasema kikoa hicho si chake. Jawabu zuri lina alama ya aa kwenye flags: mwenye mamlaka ndiye aliyejibu. Bila aa, hata kama anwani iliyorudi ni sahihi, seva hiyo haifai kubaki kwenye orodha.

Watu huiacha dalili hii kwa sababu tovuti inafunguka hatimaye. Naomba isiachwe. Jina la seva lisilo na mwenyewe ni mlango usio na komeo. Kampuni ndogo ya kuhifadhi tovuti ikifunga biashara, kikoa chake nacho kitaisha muda, na yeyote anaweza kukisajili. Akishakimiliki anasimamisha seva kwa jina lile lile, na masjala inamletea wageni wako bila kujua. Kosa la herufi linafanya vivyo hivyo. Kwa Mastercard, seva moja kati ya tano za sehemu ya kikoa chao iliandikwa kwa mwisho wa akam.ne badala ya akam.net; herufi moja ilianguka, na .ne ni ya Niger. Ilikaa hivyo tangu Juni 2020 hadi Januari 2025, mpaka mtafiti Philippe Caturegli alipoigundua na kulisajili jina hilo kwa dola 300 za mfukoni mwake ili lisichukuliwe na wahalifu. Kama limewapata wao kwa karibu miaka mitano, nasi tusome orodha zetu.

"Barua pepe zimepungua"

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo hasara inapojificha. Tovuti isipofunguka mtu atakwambia. Barua pepe ikienda kusiko, kimya. Seva ya anayetuma inauliza kikoa chako kinapokea barua wapi. Ikiangukia seva ya zamani, inapewa rekodi ya MX ya zamani, na barua inapokewa vizuri kabisa kwenye sanduku ambalo wewe umeliacha. Anayetuma haoni kosa. Wewe huoni barua. Ofisi moja ya safari mjini ilikuwa na maombi ya vyumba ya mwezi mzima yamelala kwenye sanduku la kampuni waliyoihama, na kampuni hiyo ilibakisha siku chache tu kulifuta. Tuliyaokoa kwa sababu mtu alikumbuka nywila.

Kwa hiyo mteja akisema barua zimepungua baada ya kuhama, hata kabla ya dig yoyote, ingia kwenye barua pepe ya upande wa zamani utazame. Kisha uliza MX kwa kila seva, ya zamani na mpya:

dig MX mfano.co.tz @kila-seva +norecurse

Pengine utakuta upande mpya hauna MX kabisa, kwa kuwa aliyehamisha alinakili tovuti akasahau posta. Ongeza, na usisahau rekodi za TXT za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, vyenginevyo barua zako zitaingia kwenye taka za wenzako.

Kuna fundo jengine la barua pepe, baya zaidi. Msajili anapotaka kuthibitisha mabadiliko anamwandikia mwenye kikoa kwa anwani iliyosajiliwa. Wengi wameandika info@ ya kikoa hicho hicho. Kikoa kikiwa kimeharibika, barua ya kukitengeneza haifiki. Umefungiwa nje na ufunguo uko ndani. Badilisha anwani hiyo leo, wakati mambo mazima, uweke ya kikoa chengine. Ikiwa umeshachelewa, njia ni kwenda kwa msajili na ushahidi wa umiliki: barua ya kampuni, cheti cha usajili wa biashara kutoka BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar, kitambulisho. Na ikiwa kikoa kiliandikwa kwa jina la kijana aliyekutengenezea tovuti miaka hiyo, mtafute kwa upole na mapema. Mara nyingi hakuwa na nia mbaya, alijaza fomu kwa jina lake kwa sababu ndilo aliloliona rahisi.

"Paneli inaonesha mpya, masjala inaonesha ya zamani"

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya wengi: umebadilisha rekodi za NS ndani ya kikoa, ukadhani umebadilisha za masjala. Paneli nyingi zina kurasa mbili zinazofanana kwa jina. Ukurasa wa rekodi za kikoa, wenye A (anwani ya tovuti), MX na TXT, ni bango la Fuoni. Unaotakiwa ni ule wa usimamizi wa kikoa kwa msajili, na pengine uko kwenye akaunti nyengine kabisa, kwa kampuni nyengine.

Ya pili ni kufuli. Tazama hali ya kikoa kwenye whois, huduma ya kusoma taarifa za usajili wa kikoa. Ukisoma clientUpdateProhibited, msajili amekifunga kisibadilishwe. Mwombe afungue, abadilishe, afunge tena. serverUpdateProhibited ni kufuli la masjala yenyewe. pendingUpdate inamaanisha ombi lipo njiani. Ukikuta clientHold au serverHold, acha habari ya seva: kikoa kimesimamishwa, kwa kawaida kwa malipo au nyaraka, na hakuna orodha ya seva itakayokifufua mpaka hilo limalizwe.

Ya tatu ni mlolongo wa mikono. Umemlipa wakala, wakala amenunua kwa msajili, msajili ndiye anayezungumza na masjala. Ombi linaweza kulala kwa yeyote kati yao. Usikubali kuambiwa "tumeshatuma". Uliza masjala kwa dig, umtumie wakala picha ya jawabu lenye tarehe na saa. Na usitegemee whois peke yake kama ushahidi kwamba kazi imekwisha, kwa sababu whois inasoma hifadhidata, na wageni wanaelekezwa na seva za majina. Moja inaweza kutangulia.

Baadhi ya masjala, ile ya Ujerumani kwa mfano, huzipima seva mpya kabla ya kuzikubali, na hukataa zikiwa hazijibu kwa mamlaka. Utaratibu huo ni mzuri kuufuata hata pasipolazimishwa: simamisha seva mpya kwanza, ziulize zote hadi zitoe aa, ndipo upeleke ombi.

"Kwa mtandao huu inafunguka, kwa Google hapana"

Ukiuliza 1.1.1.1 ya Cloudflare au 8.8.8.8 ya Google ukapata SERVFAIL, yaani seva imeshindwa kujibu, lakini ukiongeza +cd mwisho wa amri jawabu linakuja, hitilafu ni ya saini za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba jawabu halikughushiwa. Masjala bado ina rekodi ya DS, alama ya ufunguo wa saini, ya kampuni ya zamani, na seva mpya zinasaini kwa ufunguo mwengine au hazisaini kabisa. Seva zinazohakiki saini zinakataa, zisizohakiki zinapitisha. Thibitisha kwa dig DS mfano.co.tz, kisha mwombe msajili aifute DS. Kwa wanaojiandaa kuhama, mpangilio ndio kila kitu: ondoa DS kwanza, ngoja muda wake wa kumbukumbu upite, ndipo ubadilishe seva. Ukianza kinyume, kikoa kinazimika kwa sehemu ya dunia na hakuna kosa lolote utakaloliona kwenye paneli.

Seva iliyomo ndani ya kikoa chake

Skuli na ofisi zenye chumba chao cha seva hupenda kutumia ns1.mfano.ac.tz kwa kikoa mfano.ac.tz. Hapo masjala inalazimika kuhifadhi na anwani ya IP ya seva hiyo, maana bila hivyo mtu angehitaji kuingia ndani ili aulize mlango uko wapi. Ofisi ikibadilisha mtoa huduma wa intaneti, IP inabadilika. Fundi anarekebisha rekodi ya A kwenye seva yake, lakini masjala inabaki na ile ya zamani. Angalia sehemu ya ADDITIONAL kwenye jawabu la masjala. Kama IP ni ya mtoa huduma wa zamani, mwambie msajili kwa maneno kamili kwamba unabadilisha anwani ya seva iliyosajiliwa, si jina lake. Wakielewa "badilisha seva", watakwambia majina ni yale yale na hakuna cha kubadilisha.

Na seva mbili zikikaa chumba kimoja, ni sawa na kuwa na moja. RFC 2182 ilishasema mwaka 1997 kwamba seva za pili ziwe mbali. Sisi Unguja hatuhitaji kuelezwa: umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Weka moja kwenu, nyengine ng'ambo.

Kungoja, na kwa muda gani

"Subiri isambae, masaa arobaini na nane." Kauli hii imewapumzisha mafundi wengi ambao kazi yao haikuwa imekamilika. Hakuna kinachosambaa. Kuna kumbukumbu zinazokwisha muda. Kwenye jawabu la masjala, namba iliyo kando ya jina ni idadi ya sekunde ambazo jawabu hilo linaruhusiwa kukaa kwenye kumbukumbu ya wengine. Kwa .com ni 172800, yaani siku mbili, na kauli ya masaa 48 inaoana na hapo. Kwa kikoa chako isome mwenyewe. Saa zinaanza kuhesabiwa pale masjala inapotoa jawabu jipya, si pale ulipobonyeza kitufe. Ikiwa masjala bado inataja seva za zamani, unaweza kusubiri hadi Mwaka Kogwa na hapatabadilika kitu. Ikishabadilika, Google na Cloudflare wana kurasa za kufuta kumbukumbu za kikoa kimoja. Futa aina ya NS pamoja na A. Kumbukumbu za kampuni za simu huna njia ya kuzifuta, hizo ngoja.

Wakati wa kungoja, usizime upande wa zamani. Ingia kwenye seva ya zamani ukaweke humo anwani mpya zile zile, A na MX, ili atakayeelekezwa huko na kumbukumbu kuukuu apelekwe mahali sahihi. Muda wa masjala ukipita, ongeza siku moja juu yake, uliza tena kwa dig ukiwa kwenye mitandao miwili tofauti, uhakikishe hakuna seva ya zamani inayotajwa. Hapo ndipo unapoomba kampuni ya zamani ikifute kikoa chako kabisa kwenye seva zao za majina na za barua, si kusimamisha akaunti tu. Wakikiacha, wateja wao wengine na barua pepe zinazotoka kwenye mashine zao zitaendelea kukiona kikoa chako kama cha ndani, na barua wanazokuandikia hazitatoka nje ya jengo lile.